Mjusi wa Kufugwa na Hatari ya Kupaliwa

Usiku uingiapo katika Zone Industrielle ya Bujumbura, mashine zinyamazapo na malango ya maghala yafungwapo, huanza zamu nyingine ya kazi. Walinzi na polisi wa doria huwa chini ya taa, na juu yao ukutani mijusi kafiri hutoka katika nyufa na kujipanga kuuzunguka mwanga. Mdudu atuapo, mjusi humnyemelea, humkamata, humpigapiga ukutani, kisha humgeuza hata kichwa kitangulie, na kummeza mzima. Mlinzi mwenye subira ataona pia jambo jingine. Nondo mkubwa mwenye mabawa mapana aghalabu huachwa apite. Mjusi aliye huru huchagua tonge lake.

Mjusi aliyefungiwa hana uchaguzi huo. Mtoto humkamata kinyonga katika ua wa nyumba, au yule mjusi mkubwa wa mitini ambaye dume lake lina kichwa cha buluu, akamtia katika boksi na kumletea chakula kwa moyo wote: panzi mkubwa kama kidole, kipande cha mkate, wali wa jana, pengine ndagala mkavu. Siku ya tatu mjusi hukaa kinywa wazi. Baada ya siku chache hufa. Wakubwa husema kwamba mnyama wa porini hafugiki, na neno hilo lina ukweli wake; lakini mara nyingi kilichomwua ni tonge. Ama lilikuwa kubwa kupita koo lake, ama alipewa mwili wake ukiwa baridi, ama liliokotwa mahali penye sumu.

Ingekuwa bora zaidi mjusi aachwe ukutani afanye kazi yake ya kupunguza wadudu. Hata hivyo watoto watafuga, na mzazi aliye kazini mchana kutwa kambini au kituoni hawezi kuwa mlangoni kila saa kuwakataza. Basi na wafuge kwa maarifa. Kwanza yafaa watu wote wa nyumbani waulizwe, kwa sababu katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati kinyonga huogopwa kama mleta nuksi, na mjusi wa ukutani amebandikwa jina la kafiri tangu zamani, jina ambalo yeye mwenyewe hakuliomba. Mnyama afugwaye katika nyumba yenye hofu naye huishia kupigwa fagio.

Wakazi wengi wa Bujumbura wamejifunza ulaji wa wanyama watambaao katika Musée Vivant, bustani ya wanyama ya jiji iliyoanzishwa mwaka 1977. Kwa miaka mingi mgeni aliweza kulipia simbilisi na kutazama akitupwa kwa mamba au nyoka. Tamasha hilo, lipendeze lisipendeze, limewaachia watazamaji fikira isiyo sahihi, ya kwamba mnyama yeyote mwenye magamba aweza kumeza chochote. Nyoka aweza, kwa kuwa mifupa miwili ya taya lake la chini haikushikamana mbele. Imeunganishwa na kano laini zinazovutika, hivyo kinywa hupanuka kupita upana wa kichwa. Mjusi sivyo. Taya lake limeshikamana kidevuni, na upana aliozaliwa nao ndio huo huo alio nao wakati wa kula. Anayemlisha mjusi kwa kipimo cha nyoka anamtayarishia kifo.

KOO LA MJUSI LILIVYO

Meno ya mjusi ni ya kushika na kuponda, si ya kutafuna. Chakula huenda tumboni kikiwa kizima au kimepondwa kidogo tu. Mlango wa pumzi upo sakafuni mwa kinywa, nyuma tu ya ulimi, na tonge hupita juu yake. Tena mjusi hana kile kiwambo cha misuli kinachotenganisha kifua na tumbo la binadamu, kwa hiyo hawezi kukohoa kwa nguvu na kukitoa kilichompalia. Mtoto wa mtu akipaliwa, hukohoa na mama hukimbia. Mjusi akipaliwa, hunyosha shingo tu na kufungua kinywa, bila sauti, na aliyeketi kando ya boksi aweza kudhani anapiga miayo.

Kwa sababu hiyo wafugaji wa nchi nyingi wamekubaliana juu ya kipimo chepesi: mdudu wa kumlisha mjusi asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kipimo hiki hakihitaji rula. Mtoto huweka mdudu karibu na kichwa cha mjusi na kulinganisha kwa jicho. Kinyonga mkubwa mwenye afya aweza kupewa mdudu mrefu kidogo zaidi, lakini asiwe mnene kupita upana wa kichwa chake.

Hapa kinyonga ahitaji maneno ya ziada, maana ulimi wake huwadanganya watu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 nchini Marekani ulipima ndimi za vinyonga wa aina 20. Aliyeshinda wote kwa kasi alikuwa kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, anayetosha kukaa juu ya kidole gumba cha mtu. Ulimi wake ulifyatuka mbali mara mbili na nusu ya urefu wa kiwiliwili chake. Mwaka huo huo wataalamu wa Ubelgiji walionyesha kwamba ute ulio kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga ni mzito mara 400 kuliko mate ya binadamu, na kwamba kwa ute huo kinyonga aweza kuvuta mawindo yenye uzito wa karibu theluthi moja ya mwili wake. Mfugaji asomaye hayo asifurahi upesi. Kukamata ni jambo moja na kumeza ni jambo jingine. Kinyonga mwenye njaa katika boksi atamfyatulia ulimi panzi asiyemfaa, na panzi huyo akikwama, ulimi ule ule mrefu huwa umejikunja nyuma yake na kuongeza msongamano.

WADUDU WA KIWANDANI SI CHAKULA

Familia zinazokaa karibu na Zone Industrielle zina taabu ambayo wafugaji wa vijijini hawana. Wadudu ni wengi, lakini si wote walio safi. Maghala ya nafaka hunyunyiziwa dawa ya wadudu. Kando ya karakana ardhi hunywa mafuta machafu ya magari. Mifereji hupokea maji ya sabuni na ya rangi. Panzi aliyekula majani ya hapo, au mende aliyepita juu ya dawa na bado anatembea, hubeba sumu hiyo mwilini, na mjusi amlaye huipokea yote. Dalili zake hufanana na za kupaliwa: mate hutoka, kichwa hutetemeka, miguu hukosa nguvu. Kwa hiyo mlinzi anayewakusanyia wanawe wadudu chini ya taa za ghala na kuwapeleka nyumbani katika kopo la maziwa anafanya wema wenye hatari. Mende wa chooni naye asitumiwe, wala mdudu yeyote aliyekutwa amekwisha kufa, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichomwua.

Dawa ya taabu hiyo ni kuwafuga wadudu wenyewe. Nyenje hukubali kuishi katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo. Ndani huwekwa vipande vya trei za mayai wapate kujificha, pumba kidogo, na vipande vya karoti, boga au majani ya viazi vitamu vilivyooshwa vizuri. Kipande cha kiazi kibichi huwapa unyevu. Sahani ya maji huwazamisha. Mdudu aliyelishwa vema siku moja kabla ya kuliwa hupeleka lishe yake tumboni mwa mjusi, na mdudu mwenye njaa hupeleka ganda tupu. Wasio na nafasi ya ndoo waweza kukamata panzi katika nyasi zilizo mbali na viwanda na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa. Mvua zianzapo, kumbikumbi huruka kwa wingi, nao ni chakula laini. Waondolewe mabawa kwanza, na wale mchwa askari wenye taya kali watupwe nje. Panzi wakubwa wakatwe miguu ya nyuma, kwani miiba yake hukwaruza koo.

Vimulimuli visitiwe kamwe katika boksi. Mwaka 1999 waganga wa wanyama wa Marekani waliandika habari za mijusi wa kufugwa waliokufa baada ya kula vimulimuli vya huko, na mdudu mmoja tu alitosha kuua. Mkate, wali, ugali, maziwa na nyama iliyotiwa chumvi si chakula cha kinyonga wala cha mjusi wa mitini. Parachichi nalo liwekwe mbali, kwa maana lina kitu kinachodhuru wanyama wengi.

Lipo pia jambo la chokaa ya mifupa. Mjusi asiyepata jua na chokaa ya kutosha hulainika taya, hata kidevu kikibonyezwa kidogo hunesa kama mpira. Mjusi wa namna hiyo hawezi kuponda wala kumeza, na kinyonga hushindwa kuurudisha ulimi. Maganda ya mayai yachemshwe, yakaushwe kabisa, yasagwe na kuchekechwa hata yawe laini kama unga wa ngano. Kisha wadudu wachache watiwe katika kopo pamoja na unga huo na kutikiswa, kama mama anavyowavingirisha ndagala katika unga kabla ya kukaanga. Mara mbili au tatu kwa juma zatosha kwa mjusi mkubwa. Jua lenyewe lisipitie kwenye kioo, kwa sababu kioo huzuia ile miali inayoujenga mfupa. Boksi la wavu likae nje asubuhi, nusu yake juani na nusu kivulini. Chupa au boksi la kioo likiwekwa juani humpika mjusi kwa muda mfupi, na hilo limeua wengi kuliko magonjwa.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Watu hudhani kwa hiyo mjusi hawezi kupata baridi. Lakini nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji huwa na ubaridi alfajiri, na mwili wa mjusi hufuata ubaridi huo, kwa kuwa hatengenezi joto lake mwenyewe kama mtu. Tumbo likipoa, kazi ya kuyeyusha chakula husimama, na wadudu waliomezwa huoza humo ndani. Ndiyo sababu mjusi aliyelishwa usiku hutapika asubuhi. Alishwe baada ya kuota jua, yapata saa tatu au saa nne ya asubuhi, na baada ya saa tisa alasiri asipewe kitu. Mdogo hulishwa kila siku, mkubwa siku moja baada ya nyingine. Wadudu watiwe mmoja mmoja, na walioachwa baada ya dakika kumi na tano waondolewe. Nyenje wenye njaa humng'ata mjusi alalapo.

Maji kinyonga huyanywa matone matone kutoka kwenye majani, na mara nyingi hayatambui yaliyo katika bakuli. Majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni. Mate ya mjusi mwenye kiu huwa kama gundi, na tonge hunasa. Kumkamua maji kinywani kwa bomba la sindano, kama afanyavyo mtoto aliyeona kwa daktari, ni kuyapeleka moja kwa moja katika mapafu.

Sakafu ya boksi itandikwe gazeti lililokwisha somwa, hata hili. Mchanga na vumbi la mbao humezwa pamoja na mdudu na kuziba matumbo.

DALILI NA MSAADA WA KWANZA

Si kila kinywa kilicho wazi ni ugonjwa. Mjusi aliyepata joto kupita kiasi hukaa kinywa wazi apoe. Akipelekwa kivulini hufunga. Kinyonga aliyeogopa huvimba koo, hugeuka rangi na kuachama huku akitoa sauti ya pumzi. Dume la mjusi wa mitini huinua na kushusha kichwa kuwatishia wengine. Mjusi anayejivua ngozi hujisugua kinywa kwenye kijiti, na wengine huila ngozi hiyo. Yote haya hupita.

Yasiyopita ndiyo ya kuangaliwa. Mjusi aliyekwamwa hunyosha shingo juu tena na tena, hufumba macho, hurudia kumeza mate bila kuwa na chakula, na uzi wa ute huning'inia pembeni mwa kinywa. Huenda uvimbe ukaonekana upande mmoja wa shingo. Mapovu yakitoka puani, tonge au maji yamegusa njia ya pumzi. Kuna na wale wasiokwamwa ghafula bali wanaugua polepole: hukamata mdudu na kumwangusha, hukosa shabaha, ulimi hufika karibu tu, au hutazama chakula kwa hamu na kukiacha. Huyo afunguliwe kinywa na mtu mzima mwenye mkono mwepesi na kuangaliwa ufizi. Usaha mgumu mweupe kama jibini ni kidonda cha kinywa kinachohitaji dawa ya mganga, wala si cha kukwanguliwa kwa kucha. Shina la mkia likikonda na macho yakiingia ndani, ugonjwa umekwisha kukaa siku nyingi.

Tonge likikwama na sehemu yake ikaonekana nje, lishikwe kwa kibanio butu cha nyusi na kuvutwa taratibu kwa kufuata njia liliyoingilia, mjusi akiwa ameinamishwa kichwa kidogo. Likigoma, liachwe. Kuvuta kwa nguvu huchana koo, na kumsukumia chini kwa kijiti ni vibaya zaidi. Asipigwe mgongoni kama mtoto wa mtu, wala asitiwe mafuta ya kula yateleze, kwani mafuta huingia mapafuni. Ulimi wa kinyonga uliobaki nje usikatwe na usisukumwe ndani. Ulowanishwe kwa pamba yenye maji safi usikauke, naye awekwe katika boksi lenye giza na joto la wastani, apelekwe kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo. Ni kweli waganga wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na mbuzi kuliko vinyonga. Hata hivyo kutazama koo, kusafisha kidonda na kukadiria dawa kwa uzito ni kazi yao, na wafanyakazi wa bustani ya wanyama wanaowashika nyoka na mamba kila siku waweza kuulizwa namna ya kumshika mjusi bila kumwumiza.

Wakati wa shughuli hizo watoto wachanga wakae mbali. Wanyama watambaao huweza kubeba tumboni vijidudu vya salmonella bila wao wenyewe kuugua, na vijidudu hivyo huwaharisha watu, hasa walio chini ya miaka mitano. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto waliwatia kinywani na kuugua. Boksi la mjusi lisioshwe katika sufuria wala mahali pa kuoshea vyombo, na kila aliyemshika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Kenge wa ziwani asiletwe nyumbani hata akiwa mdogo kama kiganja, maana hukua hata karibu mita mbili. Katika mji wa Cape Coral, Florida, makenge wa Afrika waliotoroka au kuachwa na wafugaji wamezaliana hata wamekuwa balaa la nchi. Mjusi asisafirishwe ng'ambo ya mpaka kwa zawadi au biashara. Burundi ilijiunga mwaka 1988 na mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, na vinyonga karibu wote pamoja na kenge wamo katika orodha zake, kwa hiyo kuwavusha bila kibali ni kosa. Tanzania nayo ilisimamisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Mjusi aliyetapika mara moja tu aachwe bila chakula siku mbili, apewe maji na jua la asubuhi, kisha aanze na mdudu mmoja mdogo, nusu ya kipimo cha kawaida. Akikaa nacho hata siku ya pili, aongezewe wa pili. Akitapika tena, apelekwe kwa mganga. Na yule ambaye hajaugua, lakini juma zima amegoma kula, yampasa mtoto amrudishe asubuhi yenye jua katika mti ule ule alikomtoa.